Nani Analipia Jezi?

Barabara ya Baraka kwenda Kazimia, huku Fizi, Kivu ya Kongo, haijawahi kupitisha mbio za baiskeli za kulipwa, lakini baiskeli inazijua vizuri. Magunia ya ndakala wakavu, madumu ya mawese na mihogo hupita hapo kila siku, na mwenye mzigo mara nyingi hapandi: anasukuma, kafunga fimbo moja kwenye kiti na nyingine kwenye usukani ili baiskeli isimshinde mlimani. Kazi ni ngumu, ila masharti yake yanaeleweka. Mzigo ukifika, unalipwa. Mwendesha baiskeli wa kulipwa huko Ulaya, mwenye baiskeli ya bei ya gari, anaweza kushinda mbio mwezi wa tano na ikifika Desemba akakuta timu yake haipo.

Sababu ni namna mchezo wenyewe unavyolipiwa. Baiskeli haina mlango wa kukatia tiketi. Barabara ni ya serikali, watazamaji husimama kando bure, na fedha za televisheni humwendea mwandaaji wa mbio. Tour de France, kwa mfano, ni mali ya kampuni ya Kifaransa ya ASO. Timu inabakiwa na kitu kimoja cha kuuza, nacho ni kifua cha mchezaji. Zamani walionunua kifua hicho walikuwa watengenezaji baiskeli wenyewe: Alcyon, Peugeot, Bianchi. Mwaka 1954 Mwitaliano Fiorenzo Magni, alipoona fedha za viwanda vya baiskeli zinakauka, akaleta udhamini wa Nivea, watengenezaji wa krimu ya ngozi. Tangu hapo yeyote mwenye fedha anakaribishwa: wauza sakafu, bahati nasibu, maduka ya vyakula, na siku hizi dola nzima kama Bahrain na Falme za Kiarabu. Timu haina jina lake. Inavaa jina la anayelipa, na akiondoka huondoka nalo.

Kwa Afrika, kisa kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko vyote ni cha timu ya Douglas Ryder, mwendesha baiskeli wa zamani wa Afrika Kusini. Ilianza mwaka 2007 kwa fedha za kampuni ya simu ya MTN. Mwaka 2009 ilimchukua Adrien Niyonshuti wa Rwanda, ambaye miaka mitatu baadaye alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London. Baadaye jezi ikaongezwa jina la Qhubeka, shirika la hisani linalogawa baiskeli kwa wanafunzi na watu wa vijijini. Mwaka 2013 timu ikapanda daraja la pili la dunia, na mwezi Machi mwaka huo huo Mjerumani wake Gerald Ciolek akashinda Milano–San Remo, mbio ambazo theluji ilizikatiza katikati hadi wachezaji wakapakiwa kwenye mabasi, wakavushwa mlima na kuanzishwa upya ng'ambo. Timu ya Afrika ilipata ushindi wake mkubwa wa kwanza siku ya baridi kuliko zote.

Kisha ikaja Tour de France ya 2015. Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus, wote wa Eritrea, wakawa Waafrika weusi wa kwanza kushiriki, na Teklehaimanot akavaa jezi nyeupe yenye madoa mekundu ya mfalme wa milima. Julai 18, Siku ya Mandela, mbio ziliishia kwenye uwanja mdogo wa ndege juu ya mji wa Mende. Wafaransa wawili, Thibaut Pinot na Romain Bardet, walikuwa mbele, na kila mmoja alikuwa akimwangalia mwenzake kuliko alivyoangalia barabara. Steve Cummings, Mwingereza wa timu ya Ryder, hakuwa mpanda mlima wa kutisha. Alipanda kwa mwendo wake, akawafikia kwenye tambarare ya juu, na badala ya kusimama kuwasalimu akapita moja kwa moja. Walipozinduka alikuwa keshashinda.

Ukitafuta hoja ya kumshawishi mfadhili abaki, huwezi kupata nzuri kuliko msimu ule. MTN ikajitoa mwisho wa mwaka.

Ikaingia Dimension Data, kampuni ya teknolojia ya Johannesburg, na timu ikapanda hadi daraja la kwanza. Mwaka 2016 Mark Cavendish akaishindia hatua nne za Tour na kuvaa jezi ya njano. Ila daraja la kwanza hulindwa kwa pointi, na pointi nyingi ziko miguuni mwa Wazungu wenye uzoefu, kwa hiyo timu iliyoundwa kumfungulia mlango Mwafrika ilijikuta ikitumia fedha nyingi kununua wasio Waafrika ili mlango usifungwe. Mwaka 2020 jina likawa NTT, la kampuni mama ya Kijapani. Mwaka 2021 likawa Qhubeka Assos, baada ya washona nguo za baiskeli wa Uswisi kuingia. Mwezi Mei mwaka huo, kwenye Giro d'Italia, timu hiyo maskini ilishinda hatua tatu ndani ya siku tano. Mwezi Juni ikatangazwa neema: kampuni ya sarafu za kidijitali iitwayo NextHash imesaini miaka mitano. Jina likabadilishwa tena. Fedha zilizoahidiwa hazikufika, na kabla mwaka haujaisha leseni ya daraja la kwanza ilikuwa imepotea. Wanaouza fedha zisizoshikika walionyesha, angalau katika hili, kwamba hawabagui.

Mwaka huo huo timu ya Delko ya Ufaransa nayo ilikuwa ikifa kwa ukata, na ndani yake alikuwamo kijana wa Eritrea, Biniam Girmay. Aliokolewa na Intermarché, timu ya Ubelgiji iliyobeba jina la maduka ya vyakula. Machi 2022 akashinda Gent–Wevelgem, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Mtu angedhani hapo mahangaiko yameisha. Mwisho wa 2025 Intermarché ikalazimika kuungana na Lotto kwa sababu ya fedha, na bingwa huyo akahama tena, kwenda NSN. Nayo NSN ni jina jipya la Israel–Premier Tech, iliyobadilishwa jina baada ya maandamano ya kuipinga kutikisa mbio za Hispania.

Kwa hiyo swali la kama Mwafrika anaweza limekwisha kujibiwa, tena mara nyingi. Kenya ilimlea Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah, kisha Uingereza ikavuna Tour nne. Huko Iten, mji wa wakimbiaji, Nicholas Leong wa Singapore aliwakusanya vijana wa Kenya akaunda timu ya baiskeli, ikadumu muda ule tu ambao fedha zilidumu. Kinachokatika ni mkataba.

Mfano wa karibu nasi uko Rubavu, ukivuka tu mpaka wa Goma. Klabu ya Benediction ya huko iliwahi kupanda hadi daraja la tatu la kimataifa, na jezi yake ikabeba jina la Ignite, kampuni inayouza umeme wa jua majumbani. Mteja wa Ignite ndiye yule anayesimama kando ya barabara kutazama. Mfadhili wa aina hiyo ana sababu ya kubaki hata timu isiposhinda, kwa kuwa jina lake linapita mbele ya wanunuzi wake.

Sisi wa Kivu hatuwezi kuusifu mfano huo bila kumeza mate. Februari 2025, wiki chache baada ya Goma kutekwa na waasi wanaotajwa kuungwa mkono na Rwanda, Soudal Quick-Step iliondoa timu yake ya vijana kwenye Tour du Rwanda. Waziri wetu wa mambo ya nje aliziandikia Arsenal, Bayern na PSG akizitaka ziachane na tangazo la Visit Rwanda. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali yalifanyika Septemba kama yalivyopangwa. Lakini katikati ya hapo, mwezi Julai, serikali hiyo hiyo ya Kinshasa ilitia saini mkataba na Barcelona, ulioripotiwa kuwa wa zaidi ya yuro milioni 40 kwa misimu minne, ili Kongo itangazwe kwenye jezi za mazoezi. Tulikataa dawa ya jirani, kisha tukainunua kwa bei yetu.

Kuitangaza nchi si dhambi. Ila kwa kipande cha fedha hizo ungepata timu ya daraja la tatu, makocha, gari la mafundi na mbio za kila mwaka, na bado ukabakiwa na za kutengeneza sehemu ya barabara ambayo timu hiyo ingepitia, pamoja na msukuma ndakala. Vijana wenye miguu hawana upungufu Fizi, wala kampuni za simu na za bia zinazofanya biashara Kivu hazikosi wateja wa kutazama jezi. Mkataba wa Barcelona unafika mwisho mwaka 2029. Wabunge wetu wana muda wa kutosha kuuliza, kwa sauti na ndani ya kikao, jina la Kongo litakaa kifuani mwa nani baada ya hapo.