Mganga Hajigangi

Wanafunzi huniuliza iwapo ujuzi wa kompyuta waweza kumfaa mgonjwa. Huwajibu kwa kisa cha Neal Patterson, aliyelelewa shambani Oklahoma, Marekani. Mnamo 1979, yeye na wenzake wawili kutoka kampuni ya Arthur Andersen waliketi bustanini mjini Kansas City, wakapanga kampuni iliyokuja kuitwa Cerner. Walianza na programu ya maabara. Baadaye wakahifadhi rekodi za wagonjwa. Patterson alitajirika. Hata hivyo, mkewe alipougua saratani, alibeba mifuko ya faili za karatasi toka hospitali moja hadi nyingine, kwani kompyuta zao hazikuwasiliana. Mganga hajigangi! Patterson alifariki 2017. Mwanafunzi, usihesabu mashine utakazouza. Tazama mgonjwa amebeba nini.