Majina Yaliyoanguka

Neno letu la leo ni Marko 13, mstari wa 1 na wa 2.

Mchoraji mmoja wa Italia, Giovanni Battista Piranesi, aliyefariki mwaka wa 1778, alichora picha nyingi za magofu ya Roma. Picha za namna hiyo huchorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Asidi huila shaba palipochorwa, kisha picha hupigwa chapa kwenye karatasi.

Katika picha yake moja twaona nguzo tatu za hekalu. Zilikuwa nguzo ndefu sana, lakini udongo na kifusi cha karne nyingi vimezifukia, hata imebaki sehemu ya juu tu. Piranesi aliliita hekalu la Jupiter mwenye ngurumo, kwa kuwa watu wa siku zake waliamini hivyo. Lakini walikosea. Lilikuwa hekalu la Kaisari Vespasian.

Ni katika utawala wa Vespasian, mwaka wa 70, Titus mwanawe aliongoza jeshi lililobomoa hekalu la Yerusalemu, kama Bwana Yesu alivyokuwa amewaambia wanafunzi wake. Vespasian alipokufa mwaka wa 79, Warumi walimhesabu kuwa mungu. Titus akaanza kumjengea hekalu, na Domitian ndugu yake akalimaliza. Tazama, ndugu msikilizaji! Aliyebomoa nyumba ya Mungu alimjengea babaye nyumba, na mwisho watu wakasahau hata ni ya nani.

Juu ya nguzo hizo zingaliko herufi 8 za neno la Kilatini, maana yake “walitengeneza upya”. Waliotengeneza ni Kaisari Severus na mwanawe Caracalla, zaidi ya miaka 100 baadaye. Waliandika majina yao hapo. Majina yameanguka, kazi imebaki.

Sisi nasi twachanga fedha kujenga kanisa, na ni vema. Lakini je, hatujaona wazee wawili wakikosa kusalimiana kwa sababu ya jina la nani litangulie kwenye jiwe la msingi? Na mama mjane aliyebeba maji ya kukorogea saruji, nani alimwandika?

Mtume Petro atufundisha kwamba sisi wenyewe tu mawe yaliyo hai. Naye Bwana, katika Luka 10:20, ataka tufurahi kwa kuwa majina yetu yameandikwa mbinguni. Huko hakuna udongo wa kuyafukia. Ikiwa umekosana na ndugu yako kwa ajili ya jina, nenda leo ukapatane naye.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kupenda sifa. Utujenge sisi kuwa nyumba yako. Amina.