Bukavu: Matusi ya Facebook yanafutwa, lakini kompyuta haisahau mara moja

Mtu wa Bukavu akikuta jina lake limechafuliwa kwenye Facebook, mara nyingi anafanya mambo matatu haraka haraka: anapiga picha ya skrini, anaituma kwenye kikundi cha familia, halafu anamblokia aliyeandika. Siku chache baadaye anakwenda kwa avoka, na swali la kwanza linamkuta mikono mitupu: anwani kamili ya ukurasa ule iko wapi? Picha ya skrini inaonyesha maneno, ndiyo, lakini hata mwanafunzi anaweza kuitengeneza kwa dakika tano.

Ushahidi wenye nguvu zaidi mara nyingi umebaki ndani ya mashine. Programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome au Firefox, inaandika kila ukurasa uliofunguliwa: anwani yake, kichwa chake, siku na saa. Pembeni inaweka nakala za picha ili ukurasa ufunguke upesi siku nyingine, pamoja na alama zinazoonyesha akaunti gani ilikuwa imeingia. Kwenye kompyuta ya cyber inayotumiwa na watu ishirini kwa siku, hayo si mambo madogo.

Saa ndiyo inayowatega wengi. Chrome inahesabu muda tangu tarehe 1 Januari 1601, tena kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Bukavu kwa saa 2. Ukurasa ulioandikwa 18:40 ulifunguliwa hapa 20:40, yaani saa mbili na dakika arobaini usiku. Mpelelezi akisahau hizo saa mbili, anaweza kumkamata kijana aliyekaa kwenye kiti kile jioni, na kumwacha yule aliyekuja baada yake.

Je, mwenye kosa akifuta historia? Kufuta hakumalizi kazi kila mara. Maandishi ya zamani yanaweza kubaki ndani ya faili hadi mengine yaandikwe juu yake, ndiyo maana mashine inayoendelea kutumiwa inapoteza ushahidi kila siku. Dirisha la siri ni gumu zaidi: halihifadhi historia, na machache yanayobaki yako kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo inapotea kompyuta ikizimika. Na umeme wa Bukavu haumngoji mpelelezi.

Kuna mipaka mingine. Aliyetumia WhatsApp kwenye kompyuta ataacha alama kwamba aliifungua, lakini historia haitaonyesha alichoandika. Anayetumia programu ya Facebook kwenye simu, kama wengi wanavyofanya, haachi karibu chochote kwenye Chrome. Hapo inabaki simu yenyewe, au kampuni ya Meta, ambayo ikiombwa rasmi na wapelelezi inahifadhi rekodi za akaunti siku 90 ikingoja karatasi za sheria. Chrome nayo inaonyesha historia ya siku 90 tu.

Mahakama haziendi kwa mwendo huo. Tarehe 21 Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje, wilayani Kalehe. Mauaji yalitokea 2012: miaka sita ilikuwa imepita. Katika kesi hiyo majaji walipokea picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo inafunga mahali na saa papo hapo, na kuipa kila picha namba ndefu inayotokana na picha yenyewe. Ukibadilisha nukta moja, namba haifanani tena.

Wataalamu wa kompyuta wanafanya vivyo hivyo: wananakili diski nzima, wanachukua namba yake, kisha wanafanya kazi kwenye nakala tu. Fundi anayefungua mashine "kuangalia kidogo" tayari ameandika mapya juu ya ya zamani, na avoka wa upande wa pili atalisema hilo mbele ya jaji.

Sheria ya kidijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu usumbufu na uongo unaosambazwa kwenye mitandao. Lakini tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025, kazi ya mahakama za serikali imevurugika, na mwenye malalamiko hajui atasikilizwa lini. Siku 90 haziisubiri amani.

Kwa hiyo aliyetukanwa leo aanze kabla ya kumblokia mtu: anakili anwani kamili ya chapisho na ya akaunti, ahifadhi ukurasa wenyewe, aandike tarehe na saa, amwonyeshe mtu mwingine anayeweza kushuhudia. Asifute historia. Na simu asiipeleke kwa fundi wa kuiflashi, hata kama imeanza kujaa.