Hofu Isiyo na Ukiwa: Sinema za Skandinavia na Misitu ya Usambara

Mtu aliyezitazama sinema za kutisha za nchi za Kaskazini ya Ulaya, yaani Norwe, Uswidi, Denmark na jirani yao Ufini, hakosi kuiona desturi moja inayorudi tena na tena katika nyingi ya hizo, nayo ni kwamba shari yote huanzia msituni. Vijana wa mjini hupakia vyombo vyao garini, huiacha barabara kuu, hufika jioni kwenye kibanda cha magogo kilichojengwa kando ya ziwa jeusi lililozungukwa na misonobari, na tangu saa ile simu hukosa mtandao, gari hukataa kuwaka, na kile ambacho wazee wa zamani walikijua kwa jina lake huanza kutembea baina ya miti. Njia hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1958 mwongozaji wa Kinorwe, Kåre Bergstrøm, alitoa filamu iitwayo De dødes tjern, aliyoitoa katika riwaya ya André Bjerke iliyochapwa mwaka 1942 kwa jina la kupanga la Bernhard Borge, na humo mna wasomi wa Oslo wanaokwenda mwituni kumtafuta mwenzao aliyetoweka kibandani. Na mwaka 2003 Pål Øie, katika Villmark, aliipita njia ile ile, safari hii na watu wa televisheni, ziwa likiwa lile lile kwa tabia hata kama si kwa jina.

Nimepata kuwasikia vijana wa Lushoto wenye shauku ya sinema wakiulizana mbona jambo kama hilo halijafanywa kwetu, maadamu msitu tunao. Na kweli tunao, tena msitu ambao hauhitaji kupambwa. Apandaye kutoka Mombo kwa barabara ile yenye kona nyingi, akapita Soni na kufika mjini, kisha akaendelea mpaka Magamba, huingia katika mikulo na mise ya makamo makubwa, miti iliyovaa kuvu na ndevu za ukungu, na mchana wa saa tisa humgeukia ukawa magharibi kabla ya wakati wake. Usiku ukiingia hulia perere, jamaa ya pimbi akaaye mitini, ambaye umbo lake ni dogo lisilozidi la sungura lakini sauti yake ni ya mtu anayenyongwa polepole na wenye kumnyonga wasioona haraka. Mgeni akiisikia mara ya kwanza huomba taa. Yuko na bundi mkubwa wa Usambara, ambaye wataalamu walimpa jina la Vosseler, mmoja wa watu wa chuo kile cha utafiti ambacho Wadachi walikianzisha Amani mwaka 1902. Wako na vinyonga wenye pembe tatu. Mwongozaji wa Norwe, kwa vitu hivi, angeuza nyumba ya babu yake aje.

Pamoja na hayo yote, nadhani vijana wale wakichukua kamera kesho wakaifuata njia ya Wanorwe hatua kwa hatua, filamu yao itawafia mikononi, na sababu yake haiko katika fedha wala katika vyombo. Sinema ya Kaskazini imesimama juu ya ukiwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Uswidi, na kubwa zaidi ya Ufini, ni msitu, na watu wake ni wachache, wamejikusanya mijini, hata mtu wa Stockholm aweza kuendesha gari siku nzima kuelekea kaskazini asikutane na wa kumsalimu. Usambara haina ukiwa. Ni milima iliyojaa watu tangu enzi za mababu, mashamba ya ndizi, mahindi, viazi na kabichi yamepanda mpaka ukingoni mwa hifadhi, na mtu akipotea katika msitu wa Magamba asubuhi, basi akishuka tu kufuata maji, kabla ya adhuhuri atatokea nyuma ya jiko la mtu, ambako mama aliyebeba mzigo wa kuni atamwambia onga mshi, atamwuliza atoka wapi na ni mtoto wa nani, na hataruhusiwa kuondoka bila kula. Hapo hofu itakaa wapi? Zimwi lenyewe lingeulizwa habari za nyumbani.

(Niseme kidogo, kwa kuwa Wafini wametajwa, kwamba wao si wageni wa misitu yetu. Katika miaka ya sabini na themanini msaada wa nchi yao ulitumika katika uvunaji wa magogo kwa mitambo huko Usambara Mashariki, mpaka wataalamu wa mimea na viumbe walipopiga ukelele na ukataji ule ukakomeshwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Kisha serikali ile ile ikarudi tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini na mradi wa kuuhifadhi msitu uliosalia, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Mwenye kipaji angeweza kulitunga hilo likawa hikaya ya kutisha, akaisimulia kwa upande wa miti.)

Liko na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Kwa Washambaa wa kale mlima haukuwa makao ya hofu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wazee wao na kuandika juu ya ufalme wao kitabu kilichotoka mwaka 1974, ameeleza jinsi walivyoigawa dunia yao sehemu mbili: Shambaai, yaani milima yenye mvua, ndizi na afya, na nyika, yaani bonde la joto lililo chini, lenye homa na ukame, ambako wavamizi wa ng'ombe hupita. Aliyetaka kuogopa alitazama chini. Simama Irente saa saba mchana, ukingoni mwa jabali, utazame lile bara la kijivu lililotandazwa chini yako mpaka upeo wa macho, kavu, lisilo na kivuli, na vumbi likitembea peke yake kama lina shughuli, utafahamu kwamba hofu ya Kishambaa, ikipigwa picha, yapasa kupigwa juani, si gizani. Na mwongozaji atakayelithubutu hilo atakuwa amefanya jambo ambalo hajajifunza kwa Mnorwe yeyote.

Lakini hikaya yenyewe ya kutisha ipo, tena imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, zamani. Nayo ni habari ya Mbegha, kama ilivyohifadhiwa na Abdallah bin Hemed bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwa mafungu na wamisionari wa Magila baina ya mwisho wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ya ishirini, kikachapwa upya mwaka 1962. Wasomaji wengi wameisoma kama tarehe ya wafalme. Mimi naona kwamba ina mifupa yote ya filamu.

Mbegha alizaliwa Nguu akaota kwanza meno ya juu, na mtoto wa namna hiyo, kigego, aliaminiwa kuwa ni mkosi, kwamba jamaa zake watakwisha mmoja baada ya mmoja. Akalelewa, akakua, akawa mwindaji hodari wa nguruwe mwitu. Ila kila msiba ulipoingia ukoo wake macho yalimgeukia yeye, na wakati wa kugawa urithi ndugu walimnyima wakimwambia kwamba yeye si mtu wa kurithi, ni mtu wa kuua. Akaondoka na mbwa wake. Huko Kilindi akapatana na kijana wa mkuu wa nchi, wakawa wanawinda pamoja, na siku moja yule kijana akauawa na nguruwe mwindoni. Mbegha na wenzake, wakijua watakavyohesabiwa, wakakimbilia porini, wakawa wa kulala mapangoni na kula nyama bila kitu, mpaka wakaifikia misitu ya Usambara.

Hapa, laiti ningekuwa na kamera, ningekaa. Watu wa kijiji cha mlimani wanaona moshi. Unatoka mahali ambapo hapakai mtu, katikati ya mwitu, asubuhi moja, kisha asubuhi ya pili. Sinema ya Kaskazini ikifika hapo huwatuma watu wawili waende kutazama, na mmoja hurudi, tena harudi mzima akilini. Katika hikaya ya Mbegha wanakwenda, wanamkuta mtu mgeni wa sura, ana mbwa, ana mikuki, amezungukwa na nyama kuliko awezavyo kuila; wanaogopana; kisha yeye huwapa nyama, nao huenda wakamletea ndizi na unga, kwa maana yeye alikuwa na nyama bila chakula cha shamba, nao walikuwa na chakula cha shamba bila kitoweo. Biashara ile ndogo ndiyo mlango wa dola. Habari zake zikaenea kijiji hadi kijiji, nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba wakapungua, akaitwa aende Bumbuli, kisha akaitwa aende Vugha, njiani usiku akamwua simba, na yule aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya meno akawekwa kuwa mfalme, na wazao wake Wakilindi wakatawala mpaka Wadachi walipokuja, na hata baada yao kwa namna.

Msomaji aweza kusema kwamba basi hofu imekwisha, mambo yamekuwa mema. Haikwisha, ilihamia ikuluni. Mfalme wa Vugha aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuiponya nchi na uwezo wa kuiharibu, mvua ilikuwa mkononi mwake, na akighadhibika aweza kuizuia mpaka migomba ikauke. Wale walioupanda mlima kuutazama moshi walirudi nyumbani na mtu ambaye watoto wao na wajukuu wao hawangeweza kumtazama usoni. Zimwi ambalo watu wenyewe hulikaribisha, hulioza binti zao, hulijengea nyumba na kuliita Simba, kisha hulitegemea kwa mvua, ni la kutisha kuliko hilo linalovizia nyuma ya msonobari, kwa sababu huwezi kulikimbia kwa gari.

Na hapa ndipo nionapo kwamba waongozaji bora wa Kaskazini, wale waliochoka na kibanda kando ya ziwa, wamefika mahali pale pale kwa njia yao. Katika Trolljegeren ya André Øvredal, ya mwaka 2010, mazimwi ya milimani ambayo Wanorwe huyaita troli yapo kweli, serikali yayajua na kuyaficha, na shujaa wa hikaya ni mwindaji mmoja mtumishi wa idara, mchovu, mwenye ujira mdogo, ambaye kila amwuapo troli hana budi kujaza fomu; kichekesho, naam, lakini mwindaji yule, Hans, anakaa pembeni ya watu kwa ajili ya usalama wa watu, wala hakuna amshukuruye, na Mbegha angemfahamu bila mkalimani. Kubwa zaidi ni Gräns ya Ali Abbasi, mzaliwa wa Uajemi aliyehamia Skandinavia, filamu ya Kiswidi iliyopata tuzo ya Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2018. Humo mna mwanamke wa forodhani, Tina, mwenye sura watu wanayoikwepa na pua inayonusa hatia katika mizigo ya wasafiri, akaaye msituni, ambaye hatimaye anagundua kwamba kasoro yake ya tangu kuzaliwa haikuwa kasoro, kwamba yeye si wa kabila la binadamu, na waliomlea walijua wakanyamaza. Mwiliwe wa utotoni ulisomwa na wakubwa kama hukumu, kama vile meno ya Mbegha.

Ama zile filamu zilizoutangaza msitu wa Uswidi kwa walimwengu kuliko zote, Midsommar ya mwaka 2019 na The Ritual ya mwaka 2017, ya kwanza ni ya mwongozaji wa Kimarekani na ilipigwa Hungaria, ya pili ni ya Kiingereza na ilipigwa Romania. Uswidi ya kutisha ambayo wengi wanaijua ni miti ya watu wengine. Nalitaja ili kijana wa Lushoto asidhani kwamba anashindana na maumbile.

Mintarafu ya sinema yetu wenyewe, hofu imejaribiwa. Mussa Banzi, mwanzoni mwa karne hii, aliitoa Nsyuka na baadaye Shumileta, na watu walizitazama katika vibanda vya video wakazirudia. Wakosoaji waliyacheka masikio ya plastiki na damu ya rangi. Mimi sikuona aibu katika hayo. Nililoliona ni kwamba hofu yetu ilikimbilia upesi mno kwa jini na mganga, ikawaacha ndugu wa kawaida waliokaa kikao cha urithi, ilhali kikao kile, kikipigwa kwa utulivu, sauti zikiwa za adabu, mjomba akianza kwa kumsifu marehemu kabla ya kumtaja mwenye mkosi, kingemtoa jasho mtazamaji bila tone la rangi nyekundu.

Nami, kama ningeulizwa na hao vijana, ningewashauri waanze na kikao hicho, waupige moshi wa asubuhi kutoka upande wa wanakijiji, wasimwonyeshe Mbegha uso mpaka apokee ndizi, wamweke perere alie mara moja tu katika filamu nzima, na wazungumze Kishambaa chenye maandishi ya Kiswahili chini, kama Øvredal alivyofanya Kinorwe chake bila kumwomba mtu radhi. Kibali cha kupiga picha ndani ya hifadhi ya Magamba waombe mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Na wakipata fedha ya sehemu ya pili, basi kuna kile kisa cha wazee wa Vugha ambao mfalme alipofariki waliificha maiti na habari pamoja, wakatuma watu usiku kwenda Bumbuli kumchukua mwanawe Buge, huku mji mzima ukiamka asubuhi na kuambiwa kwamba mfalme hajisikii vizuri.