Kumtafuta Mwajiri: Utangulizi wa Somo la Harakati za Watunzaji

Somo tunalolifungua hapa linawahusu watu wanaowaogesha wazee, wanaowageuza wagonjwa kitandani wasipate vidonda, na wanaowasindikiza wenye ulemavu kliniki. Tutatazama jinsi watu hao wanavyoungana kudai ujira wa haki, na kudai matibabu pale wao wenyewe wanapougua. Huhitaji kuwa umesomea sheria wala uchumi. Ikiwa umewahi kuuguza mtu nyumbani, unaujua tayari msingi wa somo hili: kazi hiyo ni nzito, ina ujuzi wake, na haiahirishwi.

Tuanzie hapo. Kumhudumia mtu asiyeweza kujihudumia, awe mtoto, mzee au mgonjwa, huitwa kazi ya matunzo. Sehemu yake kubwa hufanywa na ndugu bila malipo, na hata inapolipwa, malipo huwa haba. Sababu ya kwanza ni mazoea. Mama, dada na mabinti wameifanya bure kwa vizazi, hivyo jamii huiona kuwa wema tu, na wema haupangiwi mshahara.

Sababu ya pili ni sheria, nayo tutaiona vizuri tukienda Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi waliohamia hujipatia riziki kwa kutunza wazee. Mwaka 1938 nchi hiyo iliweka kima cha chini cha mshahara, yaani kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kulipa chini yake. Watumishi wa majumbani, wengi wao wanawake Weusi, waliachwa nje. Mwaka 1974 Bunge liliwaingiza, lakini likawabakiza nje wale waliohesabiwa kuwa kazi yao ni kumpa mzee au mgonjwa mwenzi wa kukaa naye. Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaika aliyetunza wazee New York, alidai malipo ya saa za ziada hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2007 akashindwa. Ni mwaka 2013 tu ndipo Wizara ya Kazi ilipotangaza kanuni ya kuwapa watunzaji wengi wa majumbani ulinzi wa kima cha chini na malipo ya saa za ziada.

Huenda sasa unajiuliza: kwa nini wasigome? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha somo. Mtunzaji akigoma, anayelala na njaa ni mzee asiye na kosa. Tena kila mtunzaji yuko peke yake katika nyumba yake ya kazi. Hakuna lango la kiwanda la kukutania na wenzake jioni. Na zaidi ya yote, haijulikani agome dhidi ya nani.

Los Angeles inatufafanulia jambo hili. California ina mpango, ulioanza mwaka 1973, unaotumia fedha za umma kuwalipa watunzaji ili wazee na wenye ulemavu wasio na uwezo wabaki majumbani mwao. Mtunzwaji humchagua mtunzaji wake na kumsimamia, ilhali fedha hutoka serikalini. Chama cha wafanyakazi cha SEIU kilipoanza kuwaandikisha watunzaji hao mwaka 1987, wilaya ilisema haikuwa mwajiri wao, na mahakama ikakubaliana nayo. Lakini kama mwajiri ni mtunzwaji, bibi wa miaka themanini aliyelala kitandani angewezaje kuwapandishia mshahara?

Basi ikabidi mwajiri atengenezwe. Wahamasishaji waliwafuata watunzaji nyumba kwa nyumba, na sheria ya mwaka 1992 ikaziruhusu wilaya kuunda mamlaka ya umma: chombo kinachokaa upande wa mwajiri katika majadiliano ya pamoja. Majadiliano hayo ni mazungumzo rasmi ambamo chama huwasemea wafanyakazi wote, na matunda yake huitwa mkataba wa hali bora. Los Angeles iliunda mamlaka yake mwaka 1997. Februari 1999, watunzaji wapatao 74,000 waliingia katika chama kwa kura. Wakati huo walilipwa dola 5.75 kwa saa, kima cha chini cha California, bila bima ya afya.

Usilipite jambo moja hapa. Watu wenye ulemavu, waliopigania miaka mingi haki ya kuishi kwao badala ya kufungiwa katika taasisi, walihofu kwamba chama kingewapangia nani aingie chumbani mwao. Hofu yao ilikuwa ya haki. Suluhisho lilikuwa kugawa madaraka: mshahara na bima vijadiliwe na mamlaka ya umma, lakini kuajiri na kuachisha kazi kubaki mikononi mwa mtunzwaji. Ndipo pande mbili zikaweza kuidai bajeti kwa sauti moja, kwa maana mtunzaji asiyeweza kuishi kwa mshahara wake huondoka, na mtunzwaji hubaki bila mtu. Ndiyo sababu pia bima ya afya si zawadi ya pembeni: mgongo unaoumia kwa kuinua wagonjwa ukikosa matibabu, watu wawili wanaumia.

Kutoka hapo somo linapanuka. Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 unaowatambua wafanyakazi wa majumbani kuwa wafanyakazi kamili. Mwaka 2013 likaundwa shirikisho lao la kimataifa, likiongozwa na Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani mwenyewe. Kwetu, vyama vya wafanyakazi vya CHODAWU nchini Tanzania na KUDHEIHA nchini Kenya huwaandikisha wafanyakazi hao, na hukutana na ugumu uleule: kila nyumba ni mwajiri mmoja, na kila mfanyakazi yuko peke yake ndani.

Kila utakaposoma juu ya harakati za watunzaji, iwe Seattle au Mombasa, jiulize maswali matatu. Nani anatoa fedha? Nani ana uwezo wa kubadili mshahara? Na je, anayetunzwa yumo mezani? Ukipata majibu yake, utaelewa kwa nini harakati moja ilifaulu na nyingine ikakwama, na utakuwa tayari kuwasaidia wanaoanza.