"Mbona Sikupewa Dawa ya Malaria?"

Huenda umewahi kumwona mama akitoka zahanati amenuna. Ameshuka mlimani kwa miguu, mtoto mgongoni anachemka, kidole kimetobolewa, kisha anaambiwa, "Hana malaria." Hapo huona safari imekwenda bure.

Haikwenda bure. Mwaka 2002 na 2003 watafiti walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Damu ilipochunguzwa vizuri, wenye vijidudu vya malaria walikuwa 2,062 tu. Tena waliokufa zaidi ni wale wasio na vijidudu: 12 katika kila 100, wakati wenye malaria walikufa 7. Ugonjwa wao ulikuwa mwingine.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza. Ndipo vipimo vya haraka vilipoenea hadi zahanati za vijijini. Sababu ni rahisi: tone moja la damu, matone machache ya dawa, dakika 15 au 20, bila umeme wala hadubini.

Lakini vina matatizo yake. Vingi hununuliwa kwa fedha za wafadhili, na fedha zikichelewa boksi hubaki tupu. Vikiachwa kwenye joto kali huharibika. Aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita aweza bado kuonekana anayo, maana kipimo hutafuta protini za kijidudu na si kijidudu chenyewe. Kwa hiyo mwambie mganga dawa ulizokwisha kunywa, hata zile za dukani. (Wengi huficha, sijui kwa nini.)

Kwetu Kondoa liko jambo jingine. Mkoa wa Dodoma una malaria kidogo kuliko mikoa mingi, kwa hiyo homa nyingi hapa zina chanzo kingine: mapafu, mkojo, au papasi. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku, na homa yake hupoa siku chache kisha hurudi. Kile kipimo cha haraka hakiioni kabisa. Huonekana kwa hadubini, mgonjwa akiwa bado ana joto. Kama homa ya mtoto inakwenda na kurudi, na mnalala katika nyumba ya tembe, mweleze mganga hivyo hivyo, na uombe damu itazamwe kwa hadubini.