Muuguzi akikwambia ‘baada ya saa nane’, utampa mtoto dawa saa ngapi?

Hebu tuseme umempeleka mwanao zahanati, akapimwa damu na kupatikana na malaria. Saa nne asubuhi anamezeshwa dozi ya kwanza pale pale, naye muuguzi anakwambia: “Nyingine umpe baada ya saa nane.” Utampa saa ngapi?

Ukisubiri saa nane mchana ipite ndipo umpe, umekosea. Muuguzi alimaanisha muda wa saa nane, na ukihesabu kutoka saa nne utafika saa kumi na mbili jioni. Mtoto atakuwa amemeza dozi mbili katika nusu ya muda unaotakiwa.

Kosa hili si la ujinga. Kiswahili hutumia neno moja kutaja saa tunayoisoma ukutani na muda unaopita. Shuleni tulikatazwa kusema “masaa”, na mwalimu hakukosa kalamu nyekundu. Lakini kwenye dirisha la dawa nitamsamehe yeyote asemaye “masaa nane”, maana hapo anaeleweka. Kijaluo hakina taabu hiyo: saa zikiwa nyingi huwa seche.

Kisha kuna ile bahasha ya dawa. Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na Ikweta, jua huchomoza takriban wakati ule ule mwaka mzima, na ndiyo sababu twahesabu saa kutoka macheo. Mwingereza huanza hesabu yake saa sita usiku. Basi “8” iliyoandikwa kwenye bahasha ni saa mbili yetu, na mtoto wa shule anayemsomea nyanya yake bahasha hiyo aweza kumwambia “saa nane” bila nia mbaya.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Fansidar ilimezwa mara moja, tembe tatu kwa mtu mzima, basi. Vimelea vilipoizoea, Kenya iliamua mwaka wa 2004 kutumia artemeta-lumefantrini, ambayo wengi huijua kama AL au Coartem, nayo ikaanza kusambazwa mwaka wa 2006. Hii ina dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya muda wa saa nane, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Artemeta hushambulia vimelea upesi lakini hutoka mwilini upesi vilevile, ndiyo maana dozi hupangwa kwa saa.

Hata “asubuhi na jioni” haiwafai wote. Mvuvi wa omena huingia ziwani na taa yake jioni, akarudi alfajiri kulala. Heri aambiwe “kila baada ya muda wa saa kumi na mbili”, achague saa zake.

Kwa hivyo, usiondoke dirishani kabla ya kuuliza: “Yaani nimpe saa ngapi leo?” Taja saa hiyo kwa maneno, pamoja na mchana, jioni au usiku, na uombe iandikwe hivyo. Dawa hii imezwe na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na imalizwe hata homa ikishuka.

Na ikiwa dozi ya kwanza imemezwa saa kumi jioni, ya pili itaangukia saa sita usiku. Tega kengele ya simu, umwamshe mtoto, umpe maziwa na dawa yake, kisha mrudi kulala.